Nimfuate mhakiki wa jarida au niyafuate masikio yangu ninapochagua spika za hali ya juu?

Sikio Pevu ameuliza:

Ndugu zangu wapenda sauti, salaam. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limeninyima utulivu kwa wiki ya nne sasa.

Nimekuwa nikiweka akiba kwa muda mrefu ili ninunue spika nzuri za kukaa nazo miaka mingi, na kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye fedha kidogo na woga mwingi, nimesoma kila uhakiki nilioweza kuupata. Mwishowe nimebakiwa na jozi mbili. Jozi ya kwanza, ambayo nitaiita A, ni spika ndefu za kusimama sakafuni, zenye wufa (vitoa besi) mbili kila moja. Jarida ninaloliamini kuliko mengine limezipa tuzo ya mwaka, na mhakiki wake amejaza kurasa kadhaa bila kutaja dosari yoyote ya maana. Jozi ya pili, B, ni spika fupi za kuwekwa juu ya stendi. Jarida hilohilo lilizipa sifa za wastani tu, kwa maelezo kwamba sauti yake ya kati imesogezwa mbele mno na kwamba besi yake inaishia mapema.

Nilikwenda kuzisikiliza zote mbili siku moja, chumba kimoja, kwa amplifaya ileile. A zilinishangaza. Katika dakika kumi za mwanzo nilisikia mwimbaji akivuta pumzi, nikasikia mguu wa mpiga piano ukiiachia pedali, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia katika nyimbo nilizozizoea tangu ujana. Lakini baada ya nusu saa nilijikuta natafuta rimoti ili nipunguze sauti. B hazikunishangaza kwa lolote, ila nilisahau kwamba nimekwenda kununua kitu. Nilisikiliza wimbo mpaka mwisho, nikaomba uwekwe mwingine, na muuzaji ndiye aliyenikumbusha kwamba saa zimekwenda.

Shemeji yangu, ambaye ameimiliki mitambo mingi kuliko mimi, ananiambia kwamba masikio yangu hayajafunzwa, kwamba mtu aliyesikiliza jozi sita hawezi kubishana na mtu aliyesikiliza mamia, na kwamba nikizinunua B nitakuja kujuta masikio yatakapokomaa. Siwezi kulipuuza neno lake, kwa sababu mimi mwenyewe miaka kumi iliyopita nilidhani spika nzuri ni ile inayotikisa vioo vya madirisha. Hata hivyo, atakayeketi mbele ya spika hizo kila jioni ni mimi, wala si mhakiki wala shemeji. Je, katika vifaa vya kiwango hiki, ladha ya mtu binafsi ina nafasi gani mbele ya hukumu ya watu ambao hiyo ndiyo kazi yao?

Msomaji wa Zamani amejibu:

Ndugu Sikio Pevu, mimi ni msomaji wa majarida haya kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nitayatetea kidogo, ingawa huenda utetezi wangu usimfurahishe shemeji yako.

Watu husahau kwamba uhakiki wa vifaa vya sauti kwa njia ya kusikiliza ulianza kama uasi. Kwa muda mrefu majarida mengi yalikuwa yakichapisha takwimu za kiwandani na sifa za jumla. J. Gordon Holt alipoanzisha Stereophile huko Marekani mwaka 1962, alitaka kifaa kihukumiwe kwa namna kinavyosikika nyumbani. Mwaka 1973 Harry Pearson akaanzisha The Absolute Sound kwa msimamo kwamba kipimo cha haki ni sauti ya ala halisi, zisizopitishwa katika vipaza sauti, zikipigwa katika ukumbi halisi. Unaweza kuukubali au kuukataa msimamo huo, lakini angalau unajua mhakiki anakilinganisha kifaa na nini. Msikilizaji wa kawaida hukilinganisha kifaa kipya na kile alichokizoea nyumbani, na mazoea yana nguvu kubwa sana. Mtu aliyeishi na spika zenye besi iliyovimba kwa miaka mitano ataziona spika zilizo sawa kuwa zimekonda.

Kwa hiyo mhakiki ana faida ambazo wewe na mimi hatuna. Hukaa na kifaa kwa wiki kadhaa, hukiunganisha na amplifaya tofauti, na hukumbuka jozi nyingine kumi za bei hiyohiyo. Faida hizo zipo, na ni vigumu kuzipata kwa saa mbili za dukani.

Lakini mhakiki naye husomwa kwa akili. Kwanza, jifunze lugha yake. Jarida huishi pia kwa matangazo, na hata pale ambapo hakuna hila yoyote, vifaa vibovu kabisa mara nyingi havifiki mezani kwa mhakiki, kwa hiyo karibu kila kinachochapishwa husifiwa. Dosari huandikwa kwa sauti ya chini. Ukisoma kwamba spika "zinahitaji kuoanishwa kwa uangalifu", elewa kwamba kuna amplifaya zitakazozifanya zikere. Ukisoma kwamba zina "uchangamfu", huenda sauti za juu zimezidi. Pili, chagua mhakiki mmoja au wawili, usome walichoandika kuhusu kifaa ambacho wewe umekimiliki, uone kama wamesikia ulichosikia. Mimi ninaye mmoja ambaye hatujawahi kukubaliana hata mara moja kuhusu spika, na ananisaidia kuliko wote: akilalamika kwamba kitu ni kizito na cha taratibu, mimi hukiandika kwenye orodha yangu ya kwenda kukisikiliza.

Zaidi ya hapo, tazama vipimo pale vinapotolewa. Stereophile huvichapisha katika sehemu yake, mbali na maelezo ya mhakiki, na kuna nyakati ambapo mhakiki amesifia kitu kwa moyo wote huku mchoro wa vipimo ukionyesha mlima mahali pasipotakiwa mlima. Nyakati hizo msomaji anapata elimu ya bure.

Swali langu kwako ni hili: je, ulizisikiliza B kabla au baada ya kusoma kwamba sauti yake ya kati imesogezwa mbele?

Mpima Sauti amejibu:

Ninaomba radhi mapema kwa sababu nitauliza maswali ya kuudhi. Ndugu Sikio Pevu, ulizisikiliza jozi zote mbili kwa kiwango kilekile cha sauti? Sisemi kwa namba ileile kwenye amplifaya, nasema kwa kiwango kilekile masikioni.

Ninauliza kwa sababu spika hazilingani katika wepesi wa kugeuza umeme kuwa sauti. Zile ndefu zenye wufa mbili mara nyingi hutoa, tuseme, desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zikiwa umbali wa mita moja kwa volti 2.83, wakati fupi hutoa 84 au 85 kwa volti hizohizo. Tofauti ya desibeli 3 pekee inadai nguvu ya amplifaya izidishwe mara mbili. Ukibadilisha waya tu bila kugusa kitufe cha sauti, A zilikuwa zinapiga kelele na B zinazungumza kwa adabu. Kwa kawaida kosa hili humfanya mtu aipende ile yenye sauti kubwa zaidi, kwa kuwa sikio huutafsiri ukubwa mdogo wa ziada kuwa uwazi na undani. Kwako wewe inaonekana limefanya kazi kwa hatua mbili: dakika kumi za kushangazwa, kisha kuchoshwa. Inawezekana kabisa kwamba uliyachosha masikio yako kwa desibeli sita za ziada, halafu ukaielekeza lawama kwenye tabia ya spika.

Jambo la pili ni macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa katika kampuni ya Harman, watengenezaji wa spika, waliwasikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika nne, mara moja wakiwa wanaziona na mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, spika kubwa za kupendeza zilipanda alama na mtambo mdogo wa plastiki ukashuka; tena wasikilizaji wakawa wazito kutambua hata tofauti ambazo walizitambua vyema pazia lilipokuwapo, kama vile spika kusogezwa mahali pengine. Hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya vifaa vya sauti. Sasa, ikiwa macho yaliwapotosha hao, yanawapotosha pia wahakiki wa majarida, ambao karibu wote husikiliza huku wakijua jina, bei na hadithi ya kampuni; na yanakupotosha wewe pia, uliyekwenda dukani ukiwa umebeba kichwani kurasa za mhakiki.

Kuhusu hoja ya shemeji yako kwamba masikio hufunzwa, ana nusu ya ukweli. Mwaka 2003 Olive alichapisha matokeo ya wasikilizaji 268, wakiwamo waliofunzwa, wauza vifaa vya sauti, waandishi wa majarida ya sauti na wanafunzi wa chuo. Waliofunzwa walikuwa imara zaidi katika kutofautisha, yaani walitoa alama zilezile walipoulizwa tena, lakini mpangilio wa spika, kutoka ile bora hadi ile dhaifu, ulikuwa karibu uleule kwa makundi yote. Kumbe asiyefunzwa hana ladha ya kipekee ya kumfanya apende kitu kibovu. Anahitaji muda mrefu zaidi na utaratibu mzuri zaidi ili kulifikia jibu lilelile. Ndiyo maana mimi huwa na mashaka kila mtu anaposema kwamba kila sikio lina ladha yake. Tukiondoa macho, bei na tofauti ya ukubwa wa sauti, ladha zetu hukaribiana kuliko tunavyopenda kukiri.

Kinachotofautiana sana ni chumba. Katika chumba cha kawaida cha nyumbani, chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 au 300, unachosikia ni chumba kuliko spika. Chukua chumba chenye urefu wa mita 5: sauti husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 34 au zaidi kidogo litajikunja sawasawa kati ya kuta mbili, na hapo noti moja ya besi itavimba ukiketi karibu na ukuta na kutoweka kabisa ukiketi katikati ya chumba. Hakuna mhakiki duniani aliyezisikiliza A katika chumba chako. Wala wewe hujazisikiliza humo.

Ushauri wangu ni mmoja. Omba uazimwe jozi zote mbili kwa siku tatu. Sawazisha sauti kwa kutumia ule mvumo wa majaribio unaofanana na maporomoko ya maji, upime ukiwa umeketi mahali pako na simu yako ikiwa na programu ya kupimia desibeli, mpaka tofauti ipungue chini ya nusu desibeli. Programu hizo hazina uhakika kwa thamani kamili, lakini kwa kulinganisha vitu viwili zinatosha. Tundika pazia jembamba linalopitisha sauti, mtu mwingine abadilishe waya bila kukuambia, nawe uandike alama. Ukimaliza, njoo tuzungumze kuhusu ladha.

Bibi wa Santuri amejibu:

Wanangu, nimewasoma wote na nimejifunza. Mpima Sauti, yote uliyoyasema kuhusu kusawazisha sauti ni kweli, na laiti ningeambiwa hayo nikiwa na umri wenu. Ila nina jambo ambalo pazia lako halitalinasa.

Nilifundisha piano kwa miaka mingi, na nilipostaafu nilijizawadia amplifaya ambayo kila jarida liliisifu. Sitaitaja, maana haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa safi, yenye nguvu, na vipimo vyake havikuwa na doa. Nilipoijaribu dhidi ya ile ya zamani niliichagua mpya bila kusita. Miezi minane baadaye nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu ya santuri, nikagundua kwamba upande mzima wa rafu ulikuwa na vumbi lisiloguswa. Nilikuwa nimeacha kusikiliza. Sikuchukia, sikulalamika, niliacha tu, kama mtu anavyoacha kumtembelea rafiki bila ugomvi. Niliirudisha ile ya zamani, yenye vali, zile chupa za kioo zinazong'aa na kukuza sauti, na rafu ikaanza kusafika yenyewe.

Najua utaniambia kwamba amplifaya ya vali huongeza mawimbi ambayo hayamo katika rekodi. Naam, huongeza. Ile yenye vali moja ya aina iitwayo 300B kila upande hutoa wati nane hivi, na kabla haijafika huko tayari imekwisha kuchanganya sauti ya pili, oktavu moja juu ya noti yenyewe. Mwalimu wa piano anaijua oktavu, haiumizi. Vivyo hivyo kuna watu wasioachana na LS3/5A, zile spika ndogo zilizobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, ingawa besi yake ni haba na ukizipigisha kwa nguvu zinalalamika. Wanazishikilia kwa ajili ya sauti ya binadamu. Waliozipenda hawakuwa viziwi, na waliozikosoa hawakuwa wamekosea.

Kuna na swali la unasikiliza vipi. Mimi husikiliza usiku, kwa sauti ndogo, kwa kuwa nina majirani na nina mgongo unaotaka kulala. Tangu watafiti Fletcher na Munson wachapishe michoro yao mwaka 1933 inajulikana kwamba sauti inapopunguzwa, sikio hupoteza besi haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati. Mhakiki anayesikiliza kwa sauti kubwa ya kujaza chumba na kusema kwamba spika fulani zina sauti ya kati iliyosogezwa mbele anasema kweli kwa kiwango chake cha sauti, na kwa kiwango changu huenda anazungumzia spika tofauti kabisa. Ndugu Sikio Pevu, wewe husikiliza kwa sauti gani, na saa ngapi? Sijaona mtu aliyekuuliza.

Masikio nayo huzeeka. Mjukuu wangu hulalamikia mluzi wa chaja ya simu ambao mimi siusikii hata nikiitia sikioni. Sitaki kulipia kilohezi za juu ambazo zimeniaga.

Mpima Sauti amejibu:

Bibi, shikamoo, na nakubali kwamba hoja ya sauti ndogo ya usiku ilinipita. Kuhusu rafu yenye vumbi, hata hivyo, nina shaka. Katika miezi minane mengi hubadilika kwa mtu aliyetoka kustaafu, na amplifaya ni moja tu kati ya hayo. Tena vali zinang'aa, zina joto, zina hadithi, na hayo ni macho tena.

Mnakumbuka mwaka 2022, ilipofahamika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity, ambayo santuri zake ziliheshimiwa na wengi kwa kudhaniwa kwamba hazijapitia udijitali hata kidogo, kwa miaka kadhaa ilikuwa imeweka hatua ya kidijitali katika utengenezaji wa nyingi kati yake. Watu waliokuwa wakiapa kwamba husikia udijitali papo hapo walizimiliki santuri hizo na kuzisifu. Hapo ndipo ninapoogopa kumwachia mtu auite ladha kila anachokihisi.

Bibi wa Santuri amejibu:

Marahaba, mwanangu. Lakini tazama tena mfano wako huo. Watu hao walisikia sauti nzuri na wakasema ni nzuri. Hapo masikio yao hayakuwadanganya hata kidogo. Kilichoanguka ni nadharia yao kuhusu sababu ya uzuri huo. Ningekuwa wewe ningeutumia kisa hicho kuwaonya watu wasiziamini imani zao, na papo hapo kuwatia moyo wayaamini masikio yao.

Kuhusu vali zinazong'aa: yangu ipo nyuma ya kabati na siioni. Ila kuhusu mambo ya kustaafu huenda una haki. Nililia sana mwaka ule, kwa mambo yasiyohusu amplifaya.

Msomaji wa Zamani amejibu:

Kisa cha Mobile Fidelity kinayahusu pia majarida, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeyatetea, ni haki nikiri: kulikuwa na wahakiki waliozisifu santuri hizo kwa lugha hiyohiyo ya usafi wa analogi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wakati mwingine msifiaji hatambui maji yalipoingia. Ninaendelea kuyasoma, ila siku hizi huruka aya zinazoeleza kwa nini kitu kinasikika vile kinavyosikika, nikabaki na zile zinazoeleza kinavyosikika.

Sikio Pevu amejibu:

Ndugu zangu, Bibi, shikamoo, nawashukuru wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu niliufuata ushauri wa Mpima Sauti neno kwa neno, na muuzaji, baada ya kusihiwa sana, aliniazima jozi zote mbili kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Mke wangu alibadilisha waya nyuma ya shuka nyepesi na alikataa kabisa kunijibu hata kwa kope.

Kwanza, Mpima Sauti alikuwa sahihi kuhusu kiwango. Kwa alama ileile ya kitufe, A zilikuwa juu kwa karibu desibeli tano. Nilipozisawazisha, uchovu nilioupata dukani ulipungua kwa sehemu kubwa, na siku ya kwanza nilizipa A alama za juu katika nyimbo nyingi. Nilipoziona alama hizo baada ya shuka kuondolewa, nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimekwisha kujitangazia kwamba mimi ni mtu wa B.

Pili, chumba. Ijumaa usiku A zilikuwa zinavuma kwa besi moja ya kukera, noti moja tu, kila gitaa la besi liliposhuka hapo. Nilizisogeza mbali na pembe kwa sentimita sabini hivi na mvumo ukaisha, lakini sasa zimekaa mahali ambapo mlango haufunguki vizuri. B, kwa kuwa besi yake inaishia mapema, hazikuuamsha mvumo huo hata zilipokuwa karibu na ukuta. Ile dosari iliyoandikwa jaridani, katika chumba changu, ilikuwa karibu rehema.

Tatu, swali la Bibi. Mimi husikiliza baada ya watoto kulala. Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa, na siku ya kwanza tulifanya majaribio mchana kwa sauti ya mchana. Jumamosi usiku tulirudia kwa sauti yangu ya kila siku, na matokeo yakageuka: katika nyimbo kumi, B zilipata alama za juu katika saba, na tatu zilizobaki zilikuwa za okestra kubwa, ambako A hazina mpinzani kwa sauti yoyote ile. Najua kwamba nyimbo kumi ni chache na kwamba Mpima Sauti atanikumbusha hivyo.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilinijia Jumapili, nilipousoma uhakiki upya huku nikisikiliza. Msomaji wa Zamani, uliniuliza kama nilizisikiliza B kabla au baada ya kusoma. Nilizisikiliza baada ya kusoma, na nilikuwa nimejiandaa kuichukia hiyo sauti ya kati iliyosogezwa mbele. Sasa naona kwamba mhakiki aliisikia sawasawa na ninavyoisikia mimi. Mwimbaji yupo hatua moja mbele ya bendi, karibu na mimi, na maneno yanaeleweka hata sauti ikiwa ndogo. Yeye ameliita jambo hilo dosari kwa sababu analinganisha na ukumbi, na huko ukumbini mwimbaji hakai mapajani mwa msikilizaji. Mimi nusu ya rekodi zangu ni sauti za watu wanaoimba na ala mbili tatu. Tumesikia kitu kimoja, tukakipa thamani mbili. Nilimweleza shemeji hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama A bado zinauzwa, maana yeye chumba chake ni kikubwa na hana watoto wadogo.

Jumatatu nilizirudisha A na kuzilipia B. Ninachowaomba sasa ni kidogo: stendi nilizopewa zina urefu wa sentimita 60, na kochi langu ni la chini. Je, niinue spika, nizilaze nyuma kidogo, au niache?

Mpima Sauti amejibu:

Nyimbo kumi ni chache. Nimekukumbusha.

Keti kama unavyoketi siku zote, mke wako apime kutoka sakafuni hadi sikioni mwako, kisha kutoka sakafuni hadi kwenye twita, kile kitoa sauti za juu. Kochi likiwa la chini, huenda twita ikawa juu ya sikio na si chini yake. Hapo usizilaze nyuma, ziinamishe mbele kidogo kwa kuweka kipande cha mpira chini ya ukingo wa nyuma. Badilisha milimita chache kwa wakati mmoja, kwa kuwa katika spika nyingi za njia mbili, yaani zenye wufa na twita tu, sauti hubadilika sana mahali ambapo wufa na twita hukutana, na sikio likiwa juu au chini ya mstari huo, ile sauti ya kati uliyoinunua ndiyo itakayokuwa ya kwanza kupungua.

Bibi wa Santuri amejibu:

Na ufanye hivyo usiku, kwa sauti yako ya usiku.